Pete ya Mguuni mwa Korongo

Mimi si mtu wa kuona vitu. Ninauza mafuta ya mawese katika soko la Kasuku, hapa Kindu, na anayenijua atakwambia kinywa changu hakina breki: mtu akileta uongo mezani kwangu namuumbua mbele ya wateja. Basi nikikwambia kwamba niliwahi kumshika mtoto wa dada yangu mguu wakati anainuka kutoka ardhini, mchana, jua likiwaka, usinitolee macho. Ilitokea. Mikono iliyomshika ni hii hii ninayopimia mafuta.

Nilikuwa nimeamua kwenda na habari hii kaburini. Lakini tangu juzi simu za watu hapa mjini hazitulii. Kuna picha inazunguka. Dereva mmoja wa pikipiki aliipiga kule Kasongo: ndege mkubwa mweupe, mabawa yenye ncha nyeusi, mdomo mwekundu, miguu myekundu mirefu, amesimama peke yake katikati ya barabara. Watu wanashangaa kwa sababu ndege huyo huku kwetu haonekani. Wenzake hupita mbali, upande wa maziwa makubwa, wakirudi Ulaya mwezi wa tatu na wa nne. Mwalimu mmoja alisema kwenye redio kwamba anaitwa korongo, na kwamba kumwona huku jimboni kwetu Maniema ni bahati. Bahati! Jana ikaja picha nyingine, ya Kibombo. Ndege ni yule yule, na safari hii amepigwa kwa karibu. Ikuze hiyo picha uangalie mguu wa kulia. Utaona pete ya chuma, na kwenye pete kumefungwa uzi mweusi.

Uzi ule naujua. Ulinunuliwa hapa Kindu, miaka ya vita, na aliyeufunga alikuwa dada yangu Zaina.

Kabla sijaendelea, ujue jambo moja la kwetu. Kuku wetu hawafungiwi. Wanazurura ua hadi ua, kwa hiyo kila nyumba ina uzi wake au kitambaa chake cha kufunga mguuni. Sisi tulifunga chekundu, jirani alifunga cha manjano, na kadhalika. Kuku mwenye uzi ana mwenyewe. Hata akilala kwako mwezi mzima humgusi, na siku mwenyewe akimwita unamwachia aende. Mwizi wa kuku huanza kwa kukata uzi. Na kuku asiye na uzi ni wa nyumba aliyoingia, basi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini watu wameburutana kwa chifu wa mtaa kwa ajili yake. Shika hilo, maana kila kitu kitarudi hapo.

Miaka ile mji ulikuwa umefungwa. Treni haiji, mashua haiji, chumvi ilikuwa kitu cha kuonjeshana. Wenye silaha walikuwa wakikamata wanaume njiani na kuwabebesha mizigo. Ramazani, mume wa Zaina, walimkamata akienda shambani, jembe likiwa begani. Wakamtwika gunia, wakamswaga njia ya Punia. Binti yao Aziza alikuwa bado ananyonya.

Tangu hapo hatukupata neno. Kama wewe ni Mwislamu unajua: mwanamke akifiwa na mume anakaa eda, analia, siku zinakwisha, anasimama tena. Zaina hakuwa na cha kukalia eda. Hakuwa mjane wala mke. Mwanaume yeyote mwenye mabega mapana akipita barabarani, dada yangu anasimama, anaangalia, anakaa tena. Nilikuwa nikiishi naye, na kila aliposimama vile moyo wangu mimi ndio uliochanika.

Mwaka uliofuata, ilipoingia miezi ya ndege, wale waliokuwa wakisukuma baiskeli kutoka kusini wakaanza kuleta habari pamoja na chumvi. Kuna ndege mweupe ameonekana Kabambare, miguu myekundu, kimo chake kama mtoto. Baadaye wengine wakasema yuko Kasongo. Halafu Kibombo. Kila habari ilikuwa inatukaribia, lakini nani aliwaza hivyo? Watu wenye njaa waliuliza swali moja tu, kama analiwa. Mimi nilicheka nikasema, mleteni, sufuria yangu iko wazi.

Akaja mwenyewe.

Tulikuwa na shamba dogo la mpunga ukingoni mwa mto Lualaba, na pembeni mwake tulitega tanzi za kukamata kanga. Asubuhi moja ya ukungu mzito, mimi na Zaina tukamkuta. Mguu wa kushoto uko kwenye tanzi. Mguu wa kulia una pete. Niamini, hakuna ndege wa porini anayetulia vile ukimkaribia. Hakupiga bawa hata moja. Alisimama wima akituangalia, jicho moja kwangu, kisha anageuza kichwa, jicho la pili kwa Zaina.

Mimi nilikwisha kuchomoa kisu, Bismillahi iko mdomoni. Zaina akanishika mkono.

"Acha, mudogo wangu. Hauone iko na alama? Hii ndege iko ya muntu."

"Ya muntu gani, yaya? Nani huku anafuga ndege kama hii?" nikamuuliza; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Hata akiwa wa mbali, mwenyewe iko. Unataka tukule haramu?"

Umeona? Mtu wa mahali pengine angeona pete akaona chuma tu. Zaina aliona uzi wa kuku. Nilikuwa na njaa lakini nilishusha kisu, kwa sababu na mimi ndivyo nilivyolelewa.

Basi tumwachie na pete yake aende? Hapo ndipo woga ulipoingia. Kwenye kizuizi cha barabara, karibu kabisa na shamba letu, kulikuwa na askari waliompiga mtu mpaka akashindwa kutembea, kwa sababu walimkuta na betri za redio. Walisema anazungumza na adui. Pete ile ilikuwa na maandishi madogo, namba na herufi tusizozijua. Zaina akaangalia upande wa kizuizi, akaangalia ndege.

"Wasoda wakiona hii chuma kwa shamba yetu, watasema njo barua ya adui. Tutajibu nini?" Sisi huku "ndiyo" tunaitamka "njo".

Akachukua kisu kutoka mkononi mwangu, akaipanua pete kwa ncha, polepole asimuumize, akaivua. Kisha akalegeza tanzi. Alifanya kwa huruma, na kwa kuogopa. Lakini kilichofanyika ni kile kile anachofanya mwizi: aliondoa uzi kwenye mguu wa ndege wa mtu.

Ndege hakuruka. Alitupa kichwa nyuma mpaka kikagusa mgongo, akagonganisha mdomo, ta-ta-ta-ta-ta, mlio wa vijiti vikavu. Halafu akaondoka kwa kutembea, mguu mmoja, mguu mwingine, akaingia kwenye ukungu, nasi tukawa bado tunausikia mlio ule wakati yeye hatumwoni tena. Nywele zilinisimama. Zaina akasema twende nyumbani.

Angeitupa mtoni ile pete, leo nisingekuwa na cha kukusimulia. Lakini Aziza, ambaye sasa alikuwa ameanza kutembea na kusema maneno yake mawili matatu, alikuwa na tabia ya kulia kila jua likizama. Na akina mama wa kwetu, mtoto akilia hivyo, humfunga kipande cha chuma mguuni, chuma cha mbali kikiwa bora zaidi. Zaina akaipitisha pete kwenye uzi mweusi, akasoma alichosoma, akamfunga mwanawe. Jioni ile Aziza hakulia. Tulifurahi, fikiria.

Haikupita wiki. Ilikuwa alasiri, mimi nachambua mchele, Zaina yuko jikoni. Ghafla kuku wote wa uani wakaacha kuparura, wakajisukuma chini ya ghala, wakanyamaza kimya. Aziza akaanza kucheka. Nikainua macho. Nje ya ua, palipokuwa na upenyo, alisimama mwanaume. Mabega mapana. Shati jeupe lililochakaa, mikono mirefu imening'inia. Alisimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja nyuma.

Nilisikia sufuria ikianguka jikoni. Zaina alinipita mbio, kitambaa cha kichwa kimebaki njiani, akilia, "Ramazani! Baba ya Aziza! Njo weye? Njo weye kweli?"

Alikuwa Ramazani. Sura yake, kovu lake la kidevuni, pengo lake la jino. Alimwangalia Zaina kwa jicho moja, akageuza kichwa, akamwangalia kwa jicho la pili. Hakumkumbatia. Alitupa kichwa nyuma na meno yake yakagongana, ta-ta-ta-ta-ta.

Majirani walikuja na vigelegele. Walisema anatetemeka kwa homa ya msituni, walisema mateso humbadilisha mtu, na wewe ungesema hivyo hivyo. Nami nilijilazimisha kusema hivyo. Nani anataka kumwambia dada yake, baada ya kusimama na kukaa kote kule, kwamba huyu siye?

Lakini nilikuwa na macho. Ramazani niliyemjua alikuwa haikosi swala. Huyu kila adhana ikiita alikuwa anaumwa. Nikajiuliza kwa nini, halafu nikaelewa kwamba hataki kutawadha. Kutawadha kunataka miguu ioshwe, na huyu hakuwahi kuvua viatu wala kukunja suruali mbele ya mtu. Wali hakuugusa. Watu wakichoma nyasi mashambani yeye anakwenda huko, anatembea kwenye majivu ya moto, anainama, anainuka, na kurudi kwake ana kitu bado kinacheza mdomoni. Kulala alilala wima, mgongo ukutani. Zaina aliniambia hilo kwa kucheka, cheko la mtu anayeomba umkubalie.

Na jioni. Jioni njo ilikuwa mbaya, kama tunavyosema huku. Jua likizama hakuweza kutulia. Alisimama katikati ya ua, uso wake kaskazini, akikanyaga pale pale, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayengojea kupishwa mlangoni. Ukimgeuza, anarudi upande ule ule. Siku ya kwanza nilimwangalia yeye tu. Siku ya pili niliangalia nyuma yake. Aziza alikuwa amesimama hapo, uso kaskazini, anakanyaga, kulia, kushoto.

Niliogopa vibaya. Nilimnyanyua mtoto nimwingize ndani, na nusura nimrushe, kwa jinsi nilivyotegemea uzito ambao haukuwepo. Unajua uzito wa mtoto unayembeba kila siku. Mikono inaujua bila kuuliza. Aziza alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Alikuwa anakula, mashavu yake yamejaa, hana homa, na kila siku nikimbeba uzito umepungua tena.

Nikamwendea Zaina. Nikamwambia yote, na kwa sauti, maana mimi sijui kunong'ona. Nikamwambia huyu si Ramazani.

Dada yangu hakunikasirikia. Ingekuwa afadhali angenipiga. Aliniangalia akasema, "Najua mikono ya bwana yangu, mudogo wangu. Unazania sijue? Lakini iko na sura yake. Niache niangalie sura yake kidogo."

"Na mutoto, yaya? Umemubeba leo?"

Aligeuka akaondoka. Usiku ule nilimsikia akimbeba Aziza na kumlaza, akimbeba tena na kumlaza.

Siku ya pili yake mvua ilinyesha alfajiri, halafu jua likatoka kali. Asubuhi ilipokomaa tukasikia watu wanaitana barabarani. Tukatoka. Juu ya Lualaba, juu kabisa, kulikuwa na ndege weupe, kundi zima, wanazunguka bila kupiga mabawa, wanapanda wakizunguka. Hapa Kindu hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu hicho. Watu walisimama midomo wazi. Nikageuka nimwonyeshe Aziza, naye hayupo. Na yule mwanaume hayupo.

Tulikimbia. Sikumbuki njia, nakumbuka tu kwamba nilipoteza kandambili zote mbili. Tuliwakuta shambani kwetu, kwenye mchanga wa ukingoni, pale pale tulipomnasa ndege. Mwanaume amesimama anatazama juu. Aziza yuko mbele yake, uso kaskazini, mikono ameitanua, anacheka. Na miguu yake, wallahi, vidole tu ndivyo vilivyogusa mchanga. Kisha havikugusa tena.

Nilijirusha. Nilimdaka mguu, ule wenye uzi. Kuna nguvu ilikuwa inamvuta, haikuwa ya kurusha, ilikuwa ya taratibu, kama maji ya mto yanavyovuta nguo unapofua. Nilipiga magoti nikashikilia, Aziza yuko juu yangu anacheka, na mimi napiga kelele ambazo mpaka leo zikinijia ndotoni naamka nimejikojolea. Ndiyo, nimesema. Mtu mzima mimi.

Yule mwanaume akasema. Sauti yake ilikuwa kavu, haikuwa na pumzi.

"Mwenye uzi njo anaitwa. Mimi sina uzi. Nani ataniita? Muliniondolea yangu, mukafunga mutoto. Basi mutoto njo ataenda, na mimi nitabakia kwa nyumba yenu. Si njo sheria yenu?"

Nilikaza mikono kwenye mguu wa mtoto. Alichosema kilikuwa kweli. Ndiyo sheria yetu. Kuku asiye na uzi ni wa nyumba aliyoingia.

Zaina alikuwa amesimama kati yetu na yule mtu. Sasa fikiria unachotakiwa kuchagua. Uzi ukirudi kwake, anaondoka, na sura ya Ramazani inaondoka naye. Uzi ukibaki, mume anakaa, kwa namna yake, na mtoto anakwenda. Huenda unasema ni mama gani atasita. Wewe hukumuona alivyosimama kila mwanaume alipopita. Alisita. Niliona, na sikumchukia.

Kisha akauliza, polepole, kwa heshima, kama unavyomuuliza mgeni: "Hii sura uliipata wapi?"

Akageuza kichwa. Jicho moja, jicho la pili.

"Njia ya Punia, pale daraja ilivunjika. Mwenyewe alikuwa amelala chini ya mizigo. Macho iko wazi, iko inaangalia juu. Mimi nilikuwa napita. Aliniangalia mpaka mwisho wake, na mimi njo kitu ya mwisho aliona. Siku muliniondolea pete nikakosa sura. Nikavaa ile nilikuwa nayo."

Zaina hakupiga ukelele. Alikuja kwangu, akainama kwenye mguu wa mwanawe na kuukata uzi kwa meno. Aziza alinidondokea na uzito wake wote, tukaanguka chali, na hapo ndipo mtoto alipoanza kulia. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile.

Dada yangu akaenda kwa yule mtu, akapiga magoti, akamkunja suruali mguu wa kulia. Mguu ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, mwekundu, una magamba. Niliuona kama ninavyokuona wewe. Zaina alifunga pete na uzi wake, akakaza fundo mara mbili, akafuta vumbi lililokuwa kwenye mguu ule kwa ncha ya kitenge chake. Alifanya kama mke anavyomtayarisha mume anayesafiri. Alipomaliza aliinua uso akaitazama ile sura kwa muda, akasema, "Enda, baba ya Aziza. Umechelewa."

Meno yakagongana, ta-ta-ta-ta-ta. Upepo wa mabawa ulitupulizia mchanga machoni. Tulipofumbua, kulikuwa na ndege mweupe anazunguka juu ya mto, anapanda, mpaka akachanganyika na wenzake.

Siku hiyo hiyo Zaina alivaa nguo za eda. Majirani walisema amekuwa kichaa, mume amemkimbia naye anamlilia kama maiti. Hakubishana nao. Alilia siku zote za eda, akamaliza, akasimama. Vita ilipotulia alikwenda njia ya Punia mwenyewe, akimshika Aziza mkono. Kwenye daraja lililovunjika wenyeji wakamwonyesha kaburi la mwanaume wa Kindu aliyekufa chini ya mizigo, waliyemzika wao, na mkanda waliomhifadhia ulikuwa wa Ramazani.

Na kama bado unaona nimeota, sikiliza hili. Wiki chache baada ya siku ile ya mtoni, mchimba madini mmoja alirudi kutoka Obokote, huko kaskazini. Hakujua habari zetu. Alikuwa ananunua mafuta kwangu akinipigia hadithi za njiani, akasema kule Obokote wameona ndege mweupe wa ajabu, na ajabu zaidi ana uzi mweusi mguuni, kama kuku wa mtu. Nilimwaga mafuta yote.

Zaina alifariki kwa maradhi, Mungu amrehemu. Aziza nimemlea mimi. Leo ni mwanamke mzima, fundi wa cherehani, ana wateja wake, anacheka na watu. Mguuni ana alama nyembamba, mviringo, ambayo haikui wala haififii. Na kila mwaka, mwezi wa tatu ukiingia, jua likizama anaacha cherehani. Anasimama uani, uso kaskazini, na miguu yake inakanyaga. Nimempeleka hospitali, nimempeleka kwa masheikh. Miezi hiyo mimi hukaa mlangoni na simruhusu kuvuka mto. Ikiisha, anarudi kuwa mtu wa kawaida na hatuzungumzii.

Siku zote nilidhani anaogopa kama mimi. Juzi, ilipokuja ile picha ya Kasongo, nilimficha asiione. Ya Kibombo akaipata kwa mteja. Aliikuza, akaiangalia kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kwa sauti ya kitoto ambayo sijaisikia tangu alipokuwa ananyonya:

"Mama mudogo, baba atafika lini?"

Nilimwambia yule si baba yako, baba yako yuko njia ya Punia, mama yako alikuonyesha kaburi. Akatabasamu. Kumbe baba wa kaburini hakumjua. Baba anayemkumbuka ni yule aliyesimama uani, aliyemwangalia kwa jicho moja kisha jicho la pili. Ni huyo tu aliyemwona kwa macho yake. Na mimi miaka yote hii nimekaa mlangoni namzuia asichukuliwe, nisijue kwamba yeye anangoja.

Jana jioni nilimkosa uani. Nikamkuta chumbani, amekaa kwenye mkeka karibu na cherehani, mguu ameukunja. Alikuwa anajifunga uzi mweusi.

Nimeukata. Asubuhi nikakuta mwingine. Fundi wa cherehani hakosi uzi.

Kwa hiyo wewe uliye Punia, wewe uliye Obokote, wewe unayepokea hizi picha na kuzituma mbele kwa furaha: ukimnasa ndege mwenye alama mguuni, legeza tanzi na umwache na alama yake. Usiulize ya nani, usiogope askari kuliko unavyopaswa kumwogopa mwenyewe. Na kama kuna mtu wenu aliyepotea akirudi miezi hii, mpokee, mpe maji ya kutawadha, kisha kaa naye mpaka jua lizame uone anaelekea wapi.

Kutoka Kibombo mpaka hapa si mbali kwa mwenye mabawa. Tangu asubuhi nimejifunga kitenge kiunoni na ncha ya pili nimeifunga kwa Aziza. Amelala begani kwangu wakati ninayasema haya. Ni mwanamke mzima, ana mwili, na bega langu halichoki wala halisikii uzito.